Bosi asema nimemchorea nyoka miguu

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mzaliwa wa Tanga. Nilianza kujifunza Kichina Dodoma, nikapata ufadhili wa kuendelea na masomo Wuhan, na huu ni mwaka wa saba tangu nihamie Guangzhou, ambako ninaishi kwa kazi ya ukalimani. Wateja wangu wengi ni wafanyabiashara wanaofika kwa maonyesho makubwa ya machipuko na ya vuli, nao ni Waghana, Wanaijeria, Waganda na Wazambia, ambao lugha yao ya biashara ni Kiingereza. Wenye viwanda huzungumza Kichina, wateja huzungumza Kiingereza, nami hukaa katikati na Kiswahili changu kimya kifuani.

Kiswahili hicho kimenisaidia kuliko watu wanavyodhani. Mchina akimwambia mwenzake xinku le mwisho wa kazi, mimi nasikia "pole na kazi" bila kufikiri. Kiingereza hakina neno la kumpa pole mtu ambaye hajafikwa na baya lolote, kwa hiyo inanibidi niunde sentensi nzima, na mteja huondoka akidhani ameambiwa kwamba anaonekana mchovu. Mke anayemfanyia mumewe sajiao, kwetu anadeka, basi, yameisha. Kwa Kiingereza nimewahi kutumia maneno kumi na nikaishia kumfanya mke wa watu aonekane mtoto mjinga. Wao husema kumpigia ng'ombe kinanda, sisi humpigia mbuzi gitaa. Wao husema maji yaliyomwagwa ni vigumu kuyarudisha, nasi tunajua kwamba hayazoleki. Mzee wa Kichina akikukaripia kwamba amekula chumvi nyingi kuliko wali ulioula wewe, hakuna Mswahili atakayeuliza maana yake.

Sasa nieleze kilichonipata. Mama mmoja kutoka Kumasi, Ghana, alinunua kontena mbili za vigae vya sakafuni katika kiwanda kimoja cha Foshan, na moja ilifika ikiwa na rangi tofauti na sampuli aliyoonyeshwa. Vuli iliyopita alirudi kudai fidia, nami nikamkalimania. Mkurugenzi alisikiliza kwa adabu, akammiminia chai, akasema women yanjiu yanjiu, yaani "tutalichunguza", kisha akaongeza kwamba kwa sasa jambo hilo bu tai fangbian, "si rahisi sana". Niliyatafsiri maneno hayo kama yalivyotoka. Mama alitabasamu, akashukuru, akarudi kwao na kusubiri miezi mitatu bila kuagiza vigae kwingine, hata mjenzi mmoja wa hoteli aliyekuwa amemwahidi kazi akachoka na kumpa mwingine. Mshauri, mimi nilijua siku ileile kwamba yale maneno mawili yakikaa pamoja ni kukataa. Nilinyamaza kwa sababu sikuulizwa.

Machipuko haya alikuja tena. Mkurugenzi akarudia yanjiu yanjiu, na safari hii nikamwinamia mama nikamwambia kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo, kwamba maana yake ni hapana. Sikukumbuka kwamba kijana aliyekuwa akimimina chai ni mpwa wa mkurugenzi na kwamba alisoma Australia. Jioni mkurugenzi aliniita, akanitupia maneno manne tu: hua she tian zu. Ni kisa cha zamani cha watumishi wa dola ya Chu walioshindania kikombe cha divai kwa kuchora nyoka. Aliyemaliza wa kwanza akaona ana muda, akamwongezea nyoka miguu, na divai ikamponyoka. Akaniambia kazi yangu ni kupeleka maneno yake, si kupeleka mawazo yake. Kwa wiki kadhaa hakunitazama usoni. Mama wa Kumasi naye, badala ya kunishukuru, alinitumia ujumbe wa sauti akisema, "Kwa hiyo uliniacha nisubiri miezi mitatu nawe ulikuwa unajua."

Lililonifanya nikuandikie ni la mwezi uliopita. Mkurugenzi, kupitia mpwa wake, amenipa kazi ya kuandika kijitabu cha maneno na misemo 60 ya Kichina inayoelezwa kwa Kiingereza, kitakachogawiwa wanunuzi maonyesho ya vuli yatakapofunguliwa katikati ya Oktoba. Malipo yake yanatosha ada ya mwaka wa mwisho ya mdogo wangu aliyeko chuoni Morogoro. Lakini mpwa ameshaniandikia anavyotaka: yanjiu iwe "kufanya utafiti"; guanxi iwe "urafiki"; weiji, yaani hali ya hatari, ielezwe kwamba Wachina huiandika kwa alama mbili za "hatari" na "fursa", kwa sababu wageni wanapenda sana kusikia hivyo; na wang yang bu lao, "kukarabati zizi baada ya kupoteza kondoo", iwekwe sambamba na methali ya Waingereza ya kufunga zizi farasi akishatoroka. Hii ya mwisho iliniuma, kwa sababu mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilifanya kosa hilohilo. Mwenye kiwanda aliyasema maneno hayo kumtuliza mteja, mimi nikatoa ya farasi, na mteja akasikia kwamba juhudi zote ni bure.

Nikiandika anavyotaka, nitakuwa nimewatega akina mama wa Kumasi 1,000. Nikiandika ninachokijua, nitakuwa nimemvua nguo mtu anayenilisha. Nikikataa, mdogo wangu atakosa ada. Je, mkalimani ni mtumishi wa maneno au wa maana? Na yule mama, nina deni kwake?

Mimi niliye katikati, Guangzhou

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu, na pole na kazi. Angalau hapa maneno hayo hayahitaji kufafanuliwa.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimeona kwamba ndani yake mna mambo mawili uliyoyafunga katika furushi moja. La kwanza ni la kijitabu, ambalo lina tarehe, malipo na mtu wa kukwambia ndiyo au hapana. La pili ni la miezi mitatu ya mama wa Kumasi, ambalo halina tarehe wala malipo, na ninashuku ndilo linalokukosesha usingizi. Unaitumia kazi ya kijitabu kama mahali pa kulipia la pili, na huenda ndiyo sababu kila mstari wa kamusi hiyo ndogo unakuonekea kama kiapo.

Nianze na neno lenyewe. Unasema kwamba ulijua siku ileile kwamba yanjiu yanjiu ni hapana. Kwa kuwa mimi si msomi wa Kichina, nimeketi na rafiki yangu anayekifundisha, akacheka, akaniambia kwamba Wachina wenyewe wana utani wa miaka mingi juu ya neno hilo: ukibadilisha sauti kidogo tu, yanjiu huwa "sigara na pombe", kwa hiyo ofisa anaposema jambo linahitaji yanjiu, mwombaji hujiuliza kama anaambiwa asubiri, anakataliwa, au anakumbushwa kwamba amekuja mikono mitupu. Ikiwa wenye lugha wanabaki na maswali hayo matatu, je, wewe ulikuwa na hakika kiasi unachokumbuka leo, au hakika hiyo imekua baada ya kuona yaliyompata mama? Sisemi hukujua. Neno fangbian lililofuata, pamoja na chai na tabasamu, vilielekea upande unaousema. Ila kati ya "nilijua" na "nilihisi" pana nafasi, na mtu anayejilaumu huiziba haraka kuliko mahakama yoyote.

Unalitambua jambo hili kwa Kiswahili pia. Ofisa wa kwetu akisema "njoo kesho", au fundi akisema "inshallah Ijumaa", kamusi haitakusaidia. Unamtazama mtu, unatazama meza yake, unakumbuka alichomwambia jirani yako. Mgeni akikuomba umwelezee "njoo kesho" kwa Kiingereza, ungemwambia ni hapana? Nadhani ungemwambia: muulize kesho saa ngapi, kisha uangalie uso wake.

Hapo ndipo ninapoona njia ambayo barua yako haikuitaja. Umejiwekea milango miwili tu, wa kupeleka maneno makavu na wa kunong'ona maana. Kuna wa tatu, wa kumrudishia msemaji neno lake alifafanue mwenyewe mbele ya wote: "Mkurugenzi, mama angependa kujua jibu la uchunguzi litapatikana tarehe gani, ili nimtafsirie sawasawa." Akitaja tarehe, mama ana kitu cha kushika. Akikwepa, mama ameona kukwepa kwa macho yake, na hukumwongezea nyoka hata kucha. Hatari yake nayo ipo, kwa maana mwenye cheo anaweza kuhisi kwamba mkalimani anamhoji, na mbele ya wadogo wake hilo ni chungu. Ndiyo maana watu wengi wa kazi yako huzungumza na pande zote kabla ya mkutano kuanza, wakieleza kwamba watasimama kuuliza kila neno linapobeba maana zaidi ya moja, ili swali likija lisionekane limemlenga mtu. Hukusema kama uliwahi kufanya hivyo na mkurugenzi huyu.

Kuhusu kunong'ona, nisikufiche ninavyoona. Moyo wako ulikuwa mwema, lakini fikiria kilichomuumiza yule mzee. Wewe unaamini kwamba ni kufichuliwa kwa maana. Huenda ni mahali na namna: alisemwa mbele ya mpwa wake, kwa lugha asiyoielewa, na mkalimani wa mkutano wake. Neno lao mianzi, "sura", yaani heshima ya mtu mbele ya watu, hatulitumii hivyo, lakini tunajua kuumbuliwa ni nini, na tunajua kwamba jambo lilelile likisemwa faraghani kwa kikombe cha chai huwa ni ushauri. Wachina wana maneno ya kumpa mtu sura, gei mianzi, si ya kupoteza tu, na hapa nataka ukitazame tena kile kijitabu. Mtu aliyekasirika kiasi cha kutokutazama usoni ana wakalimani wengi wa kuwapa kazi Guangzhou nzima. Kwa nini amekupa wewe kazi ya kueleza maneno, kosa lilelile alilokukaripia? Yawezekana ni mtego, kama unavyohofu. Yawezekana pia ni mkono ulionyooshwa na mtu asiyejua kusema samahani, na maagizo yale ya kuudhi si yake bali ni ya kijana aliyerudi kutoka Australia na misemo ya kwenye semina. Barua yako inataja matakwa ya mpwa mara kadhaa; ya mjomba sikuyaona.

Sasa kijitabu. Unaogopa kwamba kila ingizo ni ama ukweli ama usaliti, na mimi naona maagizo yake hayalingani uzito. Guanxi kuitwa "urafiki" ni ufinyu, si uongo. Mstari mmoja wa kuongeza kwamba urafiki huo una kupeana na kudaiana ungetosha, na sidhani kama kuna mwenye kiwanda atakayeukataa. Weiji ni kosa la wazi, lakini ni kosa lenye wapenzi wakubwa, akiwemo John F. Kennedy, aliyelitumia katika hotuba zake kabla ya kuwa rais. Ile alama ya pili, ji, hapo inaelekea zaidi kwenye maana ya wakati wa mgeuko. Ni sehemu ya jihui, "fursa", kama ilivyo sehemu ya feiji, "ndege", lakini sehemu ya neno si neno zima, la sivyo mwanamaji wetu angekuwa mtoto wa maji. Msomaji hatapoteza kontena kwa kudanganywa hapo. Aibu itabaki kwa waliochapisha, na hiyo ni hoja unayoweza kumpelekea mkurugenzi bila kumgusa: mnunuzi mmoja tu anayejua Kichina akikiona, kiwanda kitachekwa.

La zizi na kondoo ni zito zaidi, nawe umeeleza sababu. Kisa chake kinatoka katika maandiko ya enzi za Dola Zinazopigana za China ya kale, ambamo mshauri Zhuang Xin anamwambia mfalme wa Chu kwamba kukarabati zizi baada ya kupoteza kondoo si kuchelewa, ilhali Mwingereza na farasi wake anasema umechelewa na usijisumbue. Ni vitu viwili vinavyofanana sura na kupigana roho. Hili nalo ni rahisi kulitetea mbele ya bosi, kwa kuwa maana sahihi inamfaa yeye: kiwanda kinachosema "hatujachelewa kurekebisha" kinapendeza kuliko kinachosema "basi tena". Ungeweza kumweleza, ukitaka, jinsi ulivyomponza mwenye kiwanda mwingine kwa kosa hilo mwaka wako wa kwanza. Mtu anayekiri kosa lake mwenyewe husikilizwa kwa sikio jingine.

Linabaki yanjiu, na hapo sina dawa ya kukupa. Ukiandika "kufanya utafiti" peke yake, utakuwa umesema kweli ya kamusi na kumwacha mnunuzi na pengo lilelile alilotumbukia mama wa Kumasi. Ukiandika "maana yake ni hapana", utakuwa umesema zaidi ya unavyoweza kuthibitisha, na kila mwenye kiwanda atakayelitamka neno hilo kwa nia njema, kwa kuwa kweli anataka kuchunguza, atahukumiwa na kijitabu chako. Katikati kuna uandishi wa aina nyingine, unaoeleza neno kwa kuonyesha nani humwambia nani, wakati gani, na msikilizaji wa Kichina hufanya nini akilisikia: kwamba hutumika pia kuahirisha kwa heshima, na kwamba ni desturi njema kuuliza tarehe ya jibu. Hakuna anayevuliwa nguo hapo. Bado mpwa anaweza kuufuta mstari huo, nawe utarudi palepale: kukubali jina lako liwe juu ya kitu kilichopunguzwa, au kuomba jina liondolewe na malipo yabaki, au kuacha. Kuna pia uwezekano wa kuliondoa yanjiu kabisa katika yale 60. Wengine wataona ni busara, wengine woga; wewe unajua ungelala vipi usiku ule. Ada ya mdogo wako ni sababu halali ya kuweka mizanini, na sitaki uione haya kana kwamba mwenye dhamiri hapaswi kuhesabu pesa. Lakini je, mdogo wako anajua kwamba amekuwa sababu? Vijana wa chuo huwa na mawazo yao kuhusu mkopo, kazi ya likizo au kuahirisha muhula, na kumuuliza si kumtwisha mzigo.

Neno moja juu ya Kiingereza, kwa kuwa umekilaumu kidogo. Umaskini wake mbele ya xinku le naukubali, ingawa lugha hiyo imekopa kwa Wachina zaidi ya inavyojua: "kupoteza sura" yao imetoka huko, na "ongeza mafuta", ile jiayou ya kumtia mtu moyo, iliingizwa katika kamusi ya Oxford mwaka 2018. Zaidi ya hayo, Kiingereza cha mama wa Kumasi si cha London. Ni mwanamke wa soko, kutoka kwa watu wanaoongea kwa methali kama sisi, na naamini amewahi kukataliwa kwa adabu na amewahi kukataa kwa adabu. Ulidhani kwamba hakuna nafasi katika lugha yenu ya pamoja ya kumweleza ulichohisi. Ungemwambia, nje ya kiwanda, tena mkurugenzi akijua kwamba wewe humpa kila mteja maelezo mafupi ya desturi, "Kwetu sisi tungesema ameambiwa njoo kesho," nadhani angekuelewa kabla hujamaliza.

Umeniuliza kama una deni kwake. Aliyekulipa siku ile alikuwa nani, na ulipokubali kazi mliahidiana nini? Kama ulilipwa na kiwanda, hukuwa mshauri wake, na kunyamaza kwako kulikuwa ndani ya mipaka ya kazi hata kama moyo hauridhiki. Kama alikulipa yeye, hesabu inabadilika. Hukutaja, nami sitakisia. Ninachokiona ni kwamba ujumbe wake haukudai pesa. Alisema ulikuwa unajua, nawe katika barua nzima hukuniambia umemjibu nini. Huenda anataka kusikia kwamba ulihisi na hukuwa na hakika, na kwa nini ulinyamaza. Huenda atakasirika zaidi akisikia hivyo, na mteja akimkasirikia mkalimani habari hufika kwa wenzake wote wa Kumasi kabla ya ndege yake kutua. Hatari hiyo ni ya kweli. Ya kutomjibu unaifahamu tayari, kwa kuwa ndiyo uliyoniandikia.

Ukiamua kumpigia, kumbuka kwamba saa mbili usiku ya Guangzhou kwake ni saa sita mchana, na mtu wa dukani saa hiyo huwa na wateja. Saa tano usiku yako ingemkuta saa tisa alasiri, soko limepoa kidogo.